Rangi ya Machungwa kwenye Vidole vya Mama

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mvua tangu saa tisa. Bosi wangu Kiptanui amepeleka mabango Kachibora, ameniachia duka. Leo nimeongea na watu wawili tu – yeye na mama wa maziwa. Watatu, nikihesabu kompyuta. Nayo niliitukana.

Ni kalenda ya chama cha wakulima. Nimemkata mwenyekiti kutoka picha ya shambani, nikamweka kwenye anga la buluu – kichwa kizima kina uzi wa kijani! Kama ameota mahindi kichwani. Watu hudhani mtu hukatika kama karatasi. Wapi! Pembeni kabisa kuna vidoti ambavyo nusu ni yeye, nusu ni kilichokuwa nyuma yake. Ukimhamisha, anahama na ile nusu. Nimemsafisha hadi saa kumi na moja. Kazi yangu ikiwa nzuri haionekani, basi hakuna wa kunisifu.

Ugali, sukuma, sufuria ndogo. Majirani wana wageni, wanacheka.

Jumanne, 9 Septemba

Kazi kutoka tawi letu la Bungoma. Rosaline, anayepokea wateja kule, amenitumia picha: bango la ibada ya shukrani, ndoa ya miaka arobaini, ni Jumapili. Wenyewe wameshaikata kwa simu. Sisi tuweke anga na maua tu. Nikafungua.

Mungu wangu!

Baba. Mama. Ndugu yangu Mukhisa na mkewe. Phelista, kitinda mimba wetu. Ni picha ya harusi ya Mukhisa. Na mimi nilikuwemo, kando ya mama, na rinda la rangi ya machungwa. Mama alikuwa ameniwekea mkono begani. Sasa mkono uko pale pale, chini yake hakuna bega.

Nikakuza. Kwenye ukingo wa kila kidole chake – machungwa.

Nikazima kompyuta. Nikamwambia Kiptanui kichwa kinauma.

Alhamisi, 11 Septemba

Sijaigusa.

Mwaka wa tatu huu tangu nitoke kwa mume wangu Matulo. Baba ni mzee wa kanisa. Alisema nimemwaibisha, nisikanyage kwake. Nikadhani ni hasira, zitaisha. Kumbe mtu alikaa chini, akatulia, akanifuta polepole kwa kidole. Na ibada hakuna aliyeniambia! Wanachojua ni kwamba niko Kitale, basi. Hawajui niko duka gani.

Nimelia chooni. Mtu mzima.

Rosaline akapiga. Mteja ameiona kwenye skrini yao, amelalamika, yule kijana mrefu aliyeleta picha. (Mukhisa huyo.) "Ati kuna rangi ingine kwa vidole ya mama, inakaa chafu. Si utoe tu, Viola, hiyo ni kitu ya dakika mbili."

Chafu! Lakini dakika mbili ni kweli. Ndiyo kazi ninayoijua kuliko zote. Nikamwambia kesho.

Ijumaa, 12 Septemba

Naandika hapa hapa kazini. Asubuhi Kiptanui aliuliza mbona bango halijachapwa, Bungoma wanalisubiri. Nikasafisha kidole kimoja, kile cha mwisho. Kikatoka safi, kizuri sana. Nikakirudisha kilivyokuwa.

Saa saba Rosaline akapiga, ananong'ona. Wazee wa ile ndoa wamekuja wenyewe kuangalia kwenye skrini. Mzee akasema rangi itoke, akatoka nje kusalimia mtu. Mama akabaki. Akauliza nani hutengeneza hizi picha. Rosaline akasema ni dada mmoja wa Kitale. Mama akainama, akaweka kidole juu ya ile rangi, akakaa hivyo kitambo. Akasema iachwe. Mzee aliporudi akarudia yake, itoke. Mama akaketi kwenye benchi.

"Sasa mimi nifuate nani, bana? Mzee ameenda kungoja kwa gari. Huyu mama ako hapa tu kwa benchi, hataki kuenda."

Sikumwambia ni mama yangu. Nikasema nipe dakika mbili, usikate.

Zimepita kumi. Kiptanui ameniita mara ya pili, printa imeshapata moto. Simu iko mezani kando ya mkono wangu. Kule Bungoma mtu anakohoa, na kikohozi hicho nakijua, ni cha mama.