Viluwiluwi Katika Pipa Letu

Kaloleni, Jumanne, Mei 1998

Homa ya mke wangu haijashuka tangu arudi kutoka Mombasa. Daktari asema ni dengi. Mbu wake huuma mchana na hutaga katika maji safi.

Nami mwezi mzima nimemgombeza jirani, Mama Atieno, kwa mtaro wake mchafu! Leo nimechungulia pipa letu la maji ya kunywa: viluwiluwi tele.

"Mwalimu, kumbe mbu wasomi wanaishi kwako!" Mama Atieno alicheka aliponiona nimeinamia pipa.

Nilimwaga yote, nikalisugua pipa. Mfereji wa bomba hautoi maji. Yeye mwenyewe akaniletea ndoo mbili, zimefunikwa.

Mbu akimuuma mke wangu, baadaye ataweza kuwaambukiza watoto wa Mama Atieno. Nimeshinda kando ya chandarua, gazeti la kupigia mbu mkononi. Mbu mmoja niliyemwona asubuhi akitoka kitandani kwake sikumpata.