Unga Begani

Khorog, 4 Septemba

Dada Savsan,

Pokea salamu zangu nyingi. Hujambo? Mwanao Shodi je, na mama mkwe, na mbuzi? Mimi mzima, ila darasa la kwanza linanitoa jasho. Watoto wanaotoka kwetu Wakhan wanajua Kiwakhi chetu tu, hawajui hata neno moja la Kitajiki cha shuleni. Wanakaa kama mizigo, wenzao wanawacheka. Sitaki mwanao akae hivyo mwakani atakapokuja kusoma kwangu. Kuanzia leo msemeshe Kitajiki tu. Usiniambie hukijui, hicho chako cha sokoni kinatosha.

Mdogo wako,
Nekbakht

Kijijini, 20 Oktoba

Mdogo wangu mwalimu,

Sote wazima, ila mbuzi mmoja anakohoa. Nimekutii. Mama mkwe anacheka mpaka anashika mbavu: "Savsan siku hizi askari wa mpakani!" Si uongo. Kitajiki changu ni njoo, kula, lala, acha, haraka. Mengine yote nanyamaza. Shodi akiomba ile hadithi ya mbweha na mkate, namwambia lala. Mwanzoni alilia, sasa haombi tena. Ni sawa kweli, Nekbakht?

Dada yako,
Savsan

Khorog, 9 Novemba

Dada,

Nashukuru mko salama, na mbuzi apone. Ni sawa kabisa! Usilegeze hata kidogo. Hadithi atazikuta shuleni.

Mdogo wako,
Nekbakht

Khorog, 30 Oktoba, mwaka uliofuata

Dada yangu,

Salamu. Barua yangu ya Novemba iliyopita hukuijibu, na sasa najua kwa nini. Shodi mzima, anakula. Kitajiki chake safi, nimejivunia mbele ya walimu wenzangu.

Jana niliwaambia watoto waeleze habari za mama zao. Shodi akasimama: "Mama yangu amenikasirikia. Zamani alikuwa anaongea." Nikamuuliza, kwani siku ya safari hakukuwekea unga begani na kukuombea dua, kama desturi yetu? "Aliweka," akasema. "Halafu akasema, 'Haraka!'"

Dua ya unga hukuijua kwa Kitajiki, dada. Mimi ndiye niliyekunyang'anya maneno yake. Niliwaachia watoto wachore, nikatoka nje nikalia. Na hapa nyumbani nami nimemkataza Kiwakhi tangu alipofika, kila akikosea namkaripia. Likizo hii namtuma kwako pamoja na dereva wa huko. Mpokee kwa Kiwakhi. Nisamehe.

Mdogo wako,
Nekbakht

Kijijini, 6 Novemba

Nekbakht,

Huku hatujambo, nawe natumaini umelala usingizi. Shodi alifika salama. Nilimwekea unga upya pale pale mlangoni, nikaanza dua, yote, kama mama alivyotuombea sisi. Sijamaliza, akaniziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza, mama! Mama mdogo atasikia."

Nilikukasirikia mwaka mzima, sasa nimechoka kukasirika. Hadithi ya mbweha nimemwanzishia. Anasikiliza, lakini anatazama mlangoni. Mimi nikimwambia, haamini kwamba ruhusa ipo.

Njoo wewe mwenyewe. Njoo umwambie kwa Kiwakhi.

Dada yako,
Savsan