Sauti ya Mama Iliyo Ndani ya Droo Yako

Kwenye meza ya Mama ya kukatia vitambaa,
Nyumbani.
Jumapili, 9 Novemba

Mpendwa Dada Kifungo,

Shikamoo dada yangu. Kifua kimepona licha ya baridi ya huko? Na shemeji bado anakoroma kama cherehani isiyotiwa mafuta? Huku tu wazima wa mwili. Baba anakula kidogo, lakini anakula.

Najua kalamu mkononi mwangu ni kioja, mimi Umeme, mtu wa kompyuta niliyezunguka miji hadi miji ikanizoea. Sababu ipo. Ila usiinuke hapo ulipokaa mpaka ufike mwisho.

Chumba cha Mama cha kushonea hatujakigusa tangu tumzike. Gauni la mwisho liko kwenye sanamu yake ya kupimia nguo, limebaki mkono mmoja. Baba akipita asubuhi huisalimia ile sanamu, nasi tunajifanya hatujasikia.

Sasa lililonikalisha hapa. Unaikumbuka tovuti niliyomtengenezea Mama? Ukiifungua, kabla hujaona gauni lolote, anakukaribisha mwenyewe kwa sauti yake: "Karibu mwanangu, usione haya, vipimo vyako ni siri yetu." Ulikuwa ukiifungua kila asubuhi kabla ya kazi, ukisema ndiyo shikamoo yako ya bure.

Wateja wakalalamika inachelewa kufunguka. Mmoja alimwambia Mama, "Nimechemsha chai, nimekunywa, gauni halijafika hata kiunoni!" Mama akacheka, mimi nikaona haya. Nikajifungia siku mbili. Picha nikazipunguza uzito, makorokoro nikayatupa, sekunde kumi na tisa zikawa tatu. Dada, hata wenye vyeti vya ukutani hawafiki hapo! Lakini mimi nilitaka mbili. Kizito kilichobaki kilikuwa ile sauti. Nikaifuta.

Mama alisema tu, "Kumbe kizito ni sauti? Miaka yote nilidhani ni mwili."

Nikamwambia kesho tutarekodi nyingine, fupi. Nawe ulipouliza mbona Mama haongei siku hizi kwenye tovuti, nikakujibu kwa maringo kwamba namtengenezea mpya. Kesho ikawa keshokutwa. Wiki ya tatu kiharusi kikamfunga ulimi. Mengine unayajua.

Nimeitafuta kote. Kwenye simu yangu niliifuta ili nipate nafasi, kwenye kompyuta sikuihifadhi. Mimi, ninayewafokea watu waweke nakala tatu! Baba amesema mara mbili, "Hebu nifungulie mama yenu aongee." Nimemdanganya kwamba mtandao unasumbua. Nisamehe, dada. Yeye nitamwomba mwenyewe.

Limebaki tumaini moja. Kwa kuwa mtandao wa mtaani kwenu ulikuwa dhaifu, niliifanya tovuti ijihifadhi ndani ya simu yako, usiwe unasubiri. Ile simu ya zamani uliitupa kwenye droo ulipopata mpya, kabla sijafuta kitu. Huenda Mama bado yumo.

Ila ikishika mtandao itavuta ukurasa mpya na kuufuta ule wa zamani. Ndiyo maana sikupiga. Ungelia, ungekimbilia droo na nusu ya maelezo. Nakujua.

Kwanza zima kile kisanduku cha intaneti ukutani. Ndipo uiwashe simu ya zamani, ufungue ukurasa. Simu mpya iweke karibu irekodi. Rekodi yote, hata kile kikohozi chake cha mwanzo nilichotaka kukikata.

Kama hayumo, usinifiche.

Msalimie shemeji, na mabinti wasioijua sauti ya bibi yao ila kwa simu. Shangazi wa duka la vitambaa anakusalimu, Baba pia. Mungu akutie nguvu mikononi na utulivu moyoni.

Nenda polepole, dada. Haraka yangu imetutosha sote.

Wako akupendaye, mwenye makosa yake,
Umeme