Glasi Ndani ya Debe la Unga

Soy, 5 Novemba 2024

Nabalayo,

Wewe ni mjinga aina gani? Salamu utapata baadaye. Umejaza karatasi mbili kunifundisha kemia, ati chuma ni elementi, maji ni kampaundi, chai yangu ni mchanganyiko, na juu ya mkono wako hakuna neno! Jemutai wa maziwa ameniambia umeufunga kitambaa mpaka kwenye kiwiko. Tena mume wako Wabuge amebamiza simu yako ukutani ikavunjika.

Mgongo unaniuma lakini niko. Andika ukweli, umpe Jemutai alete barua.

Ni mimi Kukhu, nyanya yako

Huruma, 6 Novemba

Kukhu wangu,

Pole na mgongo. Mimi naendelea. Ni mkono wa kushoto, wa kuandika uko salama.

Nilinyamaza kwa aibu. Jumapili Wabuge alinikuta nikisomea mtihani wa kemia wa Jumanne ijayo. Akauliza mchanganyiko ni nini. Nikafurahi, nikadhani anataka kujua. Nikamwambia ni vitu vimekaa pamoja bila kugeuka kitu kipya, kwa hivyo unaweza kuvitenganisha. Si kama chuma ikishakuwa kutu.

Akavunja glasi, akaisaga kwa jiwe, akamwaga ndani ya debe la unga, akakoroga. "Haya mwalimu, tenganisha."

Nikachekecha. Vipande vikubwa vilibaki, vidogo vikapita. Akashika mkono wangu, akausukuma ndani ya debe, akauzungusha mpaka unga ukawa mwekundu. Amesema kama sitamaliza kutenganisha, Jumanne siendi mtihani, na nitakula ugali wa huo unga.

Mjukuu wako

Soy, 7 Novemba

Nabalayo,

Habari ya mkono? Mtu ameshika jiwe na wewe unamjibu kama inspekta wa shule!

Wacha kuchekecha. Akienda kazini, unga mpe Jemutai aniletee. Wewe chukua vitabu uhamie kwa rafiki yako Musimbi. Usimwachie hata kwaheri.

Kukhu

Soy, 11 Novemba

Nabalayo,

Usiniulize afya. Wabuge alikuja hapa Jumamosi na shati la kanisa, akalia mbele ya baba zako wadogo ati umetoroka na mwanaume.

Unajua kwa mila zetu mkwe hawezi kukaa na mama yako, lakini mimi nyanya ananiita bibi yake na tunataniana. Basi nikamtania. Nikasonga ugali wa ule unga, nikaweka na kuku.

"Kula, bwana yangu. Unga ni wa nyumba yako."

Alimega, akaona inang'aa, akarudisha. Baba yako mdogo Lawrence akamuuliza, "Mkwe, mbona huli?" Nikawaambia wote ni nini iko ndani, na iliingizwa na nani.

Akapiga meza teke, akanikaba shingo, akanipiga ngumi. Jino langu liko huko uwanjani na kuku. Lawrence na ndugu yake walimwangusha kwa rungu mpaka bega lake likatoka mahali pake. Nilisema waache. Sikusema haraka.

Lakini ameponyoka na pikipiki, na amesema kwa mdomo wake atakumaliza kabla ya huo mtihani.

Lawrence ndiye amekuletea barua hii. Inuka sasa hivi, uende na yeye na Musimbi polisi, ufungue huo mkono wauone. Kesho Lawrence atasimama kwa geti la shule na rungu lake. Wewe ingia, uandike, na usitoke mpaka umejibu swali la mwisho.

Kukhu