Wanga wa Tonge

Nyumba ya geti la bluu,
Nyuma ya karakana ya cherehani.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, Bwana Mawinguni,

Hujambo huko juu? Natumaini barua hii itakukuta umeshuka salama kwenye kreni yako, umenawa mikono na umekaa kitako, maana nina mengi na sitaki uyasome ukiwa umesimama mlangoni kama mgeni. Usingizi unakuja? Macho yanaona vizuri? Ile kiu ya usiku imepungua, au bado unapapasa chupa ya maji gizani? Nijibu hayo kwanza, tena kweli tupu. Usiniletee zile zako za "mzima tu, dada".

Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima. Magoti yanamsumbua kukiwa na baridi, lakini mdomo wake haujawahi kupata baridi hata siku moja. Mimi na cherehani yangu tunasukumana. Karakana imepata kazi ya kushona sare za wauguzi, basi tangu asubuhi ni pindo na mifuko, mifuko na pindo. Mjomba fundi bomba alipita juzi kutengeneza bomba la jikoni, akaliacha linavuja kuliko alivyolikuta, na bado akadai chai. Tukampa.

Sasa tuje kwenye lile la Tonge. Umeniuliza kwa nini Mama alimkatia simu rafiki yako huyo wa kazini, na kwa nini kabla ya kukata alimwambia, "Nimeshakujua, niachie mwanangu." Mdogo wangu, kosa ni lako mwenyewe. Nani alikutuma umrekodie Mama ujumbe wa sauti mimi nikiwa kazini? Amenisikilizisha mara nyingi mpaka nimeukariri: "Daktari kasema shida yangu ni wanga. Nisipojiepusha na wanga hapa kazini nitapoteza kreni. Na Tonge ndiye ananiletea kila siku."

Wewe ulikuwa unaongea mambo ya chakula. Daktari akisema wanga anamaanisha mkate, viazi, wali, unga, vyote vile vinavyogeuka sukari vikishaingia tumboni. Lakini Mama hakukulia kwa madaktari. Kwake wanga ni wachawi, wale wa kuzunguka usiku, na hajui wengine. Alichosikia ni kwamba mjengo mzima umejaa wachawi, wanataka kukushusha kwenye kreni, na anayekuletea si mwingine ila Tonge! Ungesema japo "wanga mwingi" angeshtukia, maana wachawi huwa wengi, hawawi mwingi. Wewe ukalitupa neno hivyo hivyo, halina hata shati.

Tonge masikini ya Mungu, hana hili wala lile, akapiga simu yake ya kila mwisho wa juma kumsalimu Mama. Alikaribishwa na maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi nzuri kama hii. Nilipofika nyumbani nilimkuta Mama ukumbini amevaa viatu vya safari, mkoba mapajani, ananisubiri nimpeleke stendi aje akutoe huko kwa mkono wake. Nikamwuliza, kulikoni? Akanisikilizisha ule ujumbe. Jamani! Nilicheka nikakaa chini sakafuni, na Mama akaja juu kama moto wa kifuu kwamba mdogo wangu anarogwa mimi nacheka.

Nikaenda jikoni nikamletea mkate wake wa jioni, nikamwekea mbele. Nikamwambia Mama, wanga ndio huu. Akautazama juu, akautazama chini, akauliza, "Huu nao?" Hapo ndipo alipocheka yeye, akacheka mpaka akavua viatu. Lakini nilipomweleza kwamba shida yenyewe ni sukari, aliusogeza mkate pembeni. Nadhani angependelea wachawi.

Hujambo limekwisha, sasa kaa sawa. Daktari wa kampuni amekupa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Sukari isiposhuka, utashuka wewe. Hakuna kampuni itakayomwachia mtu mwenye kizunguzungu aninginize vyuma juu ya vichwa vya wenzake, na wakikukatalia mimi nitawaunga mkono ingawa wewe ni damu yangu. Lakini sina wasiwasi na wewe, kusema kweli. Hili jambo linawezekana. Mimi sukari ilishanipigia hodi, unakumbuka nilivyokonda, na leo muuguzi akinipima ananiuliza nafanyaje. Ninachofanya kikubwa ni kile kikopo changu cha chakula cha mchana, basi.

Maana tusidanganyane, asubuhi unakunywa chai haraka na usiku unakula kama watu. Kinachokumaliza ni mchana. Sandwichi mbili nene, tena za mkate wa mke wa Tonge, ambaye naambiwa anaoka kama malaika. Halafu unaniandikia kwa furaha kwamba umeacha sandwichi na sasa unakula biskuti. Lo! Mdogo wangu mimi! Biskuti ni mkate uliovaa tai. Na ile juisi ya boksi unayoshushia, hiyo usiniambie ni tunda. Tunda gani linakaa kabatini mwaka mzima bila kuoza?

Nimekaa nikafikiria kibanda chako kule juu. Jiko hakuna. Meza hakuna. Unapanda ngazi na begi mgongoni, na ukishakaa, mkono mmoja hauachi wenzo wa mashine. Kwa hiyo usinisikilize kama mtu wa saladi. Mtu wa saladi anahitaji uma, kiti na muda wa kupoteza. Wewe unataka kitu cha kushikwa kwa mkono mmoja, kisichovuja, kinacholika kikiwa baridi. Ndiyo maana ulipenda sandwichi, na hilo silikulaumu.

Anza na kabichi. Bandua yale majani makubwa ya nje mazima mazima, yatumbukize kwenye maji yanayochemka mpaka yalainike, uyatoe na uyakaushe kwa kitambaa safi. Kausha kweli kweli, usifanye kwa kunipendeza. Katikati weka nyama ya kusaga uliyokaanga na vitunguu na pilipili manga, halafu kunja. Kunja pembeni kwanza ndipo uviringishe, kama ninavyokunja pindo, na upande wa mshono ulale chini kwenye kikopo, uzito wake wenyewe utaufunga. Wenzangu karakanani walinicheka siku ya kwanza, wakasema nimekuja na nepi za mtoto. Siku hizi yule mkata vitambaa ananiomba kimoja na mimi namnyima kwa roho safi.

Ukichoka kabichi, kaanga mayai yawe mapana na membamba, yaache yapoe. Ponda samaki wa kopo kwa uma, tia ndimu na chumvi kidogo, paka juu ya yai lako na uviringishe. Hilo nalo linakwenda kwa mkono mmoja. Mayai ya kuchemsha ni mazuri pia, ila yamenye ukiwa nyumbani, na kwa ajili ya jirani yako ufungue dirisha. Usiniambie huna jirani huko juu. Kuna mtu wa zamu ya usiku anayekuja kukaa kwenye kiti hicho hicho.

Parachichi likate nusu, nusu moja ule kwenye chakula cha jioni, na ile yenye kokwa uibane kwenye karatasi ya plastiki bila kuitoa kokwa. Halitakuwa jeusi sana. Beba kijiko na chumvi kwenye kipande cha karatasi. Siku ya mapumziko banika kuku mmoja, mtoe mifupa, mgawe kwenye vikopo na vipande vya tango. Ila ile sosi yako nyekundu ya kwenye chupa iache huko huko dukani, imejaa sukari mpaka shingoni. Na uweke mfuko mdogo wa maji yaliyoganda ndani ya begi, kibanda chako kina joto na sitaki kusikia habari za tumbo.

Najua siku moja utaitamani sandwichi mpaka machozi. Siku hiyo kata bilinganya vipande vinene, uvikaange kwa mafuta kidogo, halafu bana jibini na kipande cha nyama katikati. Sitakudanganya, si mkate. Lakini mkono unashika kitu, meno yanapata kazi na roho inatulia. Mimi nilikula hivyo juma zima nikiwa na hasira na dunia. Na mfukoni tia karanga za kukaanga, zile kavu, si zile zilizovikwa sukari kama bibi harusi.

Siku za mwanzo kichwa kitakuuma na utawachukia watu wasio na hatia. Vumilia, inapita. Ila dawa zako usiziguse, na ukiwaza kuziacha kwa sababu umekula kabichi siku tatu, nitakuja huko mimi badala ya Mama, na mimi sivai viatu nikaishia ukumbini. Mwambie daktari kwamba umebadilisha chakula, maana dawa na chakula vinakwenda pamoja, huenda akataka kuzipima upya. Ukitokwa jasho la ghafla na mikono ikatetemeka, hapo usijikaze kisabuni. Simamisha mashine, tafuna kile alichokuelekeza daktari, na umwite Tonge akusaidie kushuka.

Na Tonge mwenyewe usimkimbie. Ana moyo mzuri, anakuletea mkate kwa mapenzi. Mwambie tu ukweli kwamba mkate huo utakutoa juu ya kreni, na akitaka kukuletea kitu, mkewe anayeweza kuoka mkate mzuri hivyo hashindwi kuoka mapaja ya kuku. Ukimwambia kwa mdomo wako ataelewa. Wewe tabia yako ni kupokea huku unalalamika moyoni, halafu unakuja kumshtaki kwa Mama.

Kuna jambo jingine nilikuwa sitaki kuliandika, lakini sioni kwa nini nilibebe peke yangu. Mama ameacha mkate.

Unamjua Mama na mkate. Meno yaliyobaki ni ya kuhesabu tu, na ile asubuhi yake, kipande laini anachokichovya kwenye chai akitazama dirishani, ndiyo raha yake iliyobaki. Tangu siku ile ya wanga hajautia mdomoni. Nimembembeleza, nikamfokea, nikamwambia sukari yake haina tatizo, muuguzi mwenyewe alishasema. Anasema atakula siku utakayopiga simu kumwambia daktari amekuruhusu kubaki kwenye kreni. Namlainishia parachichi kwa uma, namkorogea yai, anakula na kushukuru vizuri tu. Lakini bado nikimwekea chai, mkono wake unakwenda mezani kutafuta kisahani cha mkate, halafu unarudi.

Hakuwazi wewe tu. Anamwona Baba. Wewe ulikuwa bado mdogo, pengine unakumbuka saa zilizotandazwa mezani tu, na yeye fundi saa ameinama na miwani yake ya jicho moja. Mimi nakumbuka alivyoanza kuzishika saa za watu kwa vidole kwa sababu macho yalikuwa yamekwenda na sukari. Na chai yake haikukosa mkate hata wakati huo, "hiki kidogo tu, mama watoto". Mama akamshika mkono kumpeleka bafuni, akamshika mkono kwenda kwa kinyozi, akamshika mkono mpaka mwisho. Nimeona anavyoutazama ule mkono wake siku hizi akidhani simwoni, na inaniuma sana.

Basi sikutishi, nakueleza tu. Nakujua. Ukiamua kitu hakuna wa kukuzuia, ndiyo maana leo unafanya kazi mahali ambapo mimi kutazama tu nasikia kisunzi. Utashinda hili, na nimeshamwambia mwenye duka la mkate atuwekee mkubwa mwisho wa mwezi ujao.

Nisalimie mkeo, mwambie kabichi iwe kubwa na majani yasitoboke. Mbusu binti yako mashavu yote mawili. Mjomba fundi bomba anakusalimu na anasema ukija utamkuta bado anatengeneza. Shangazi mshona vikapu anakuombea. Na Tonge mpe salamu za heshima kutoka kwa Mama, anamtaka radhi kwa moyo wote na anamkaribisha nyumbani. Ila amesema niongeze hivi: akikuletea mkate tena, basi lile neno lake la mwanzo linabaki pale pale.

Mungu akushike huko juu, akupe macho ya kuona mbali na uzee wa kutosha.

Ni mimi dada yako mkubwa, ninayekupenda kuliko wewe unavyopenda mkate.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshakunja karatasi, Mama akanizuia. Anataka nikuandikie maneno yake kama yalivyo, nisitie wala nisipunguze. "Mwanangu, baba yako nilimshika mkono na sikulalamika. Wewe sitaki kukushika. Magoti yangu yanakwisha. Wewe nataka uje unishike mimi."