Mama, Pikipiki Inaimba Wimbo Wako

Mama yangu wa Usevya,

Shule yangu bado haijaisha. Si ndivyo ulivyokuwa unaniuliza kila likizo, "Wewe mtoto, hiyo shule yako haiishi?" Nakwambia sasa mimi ndiye ninayefundisha, unacheka tu, unaendelea kupepeta mchele huku ukiimba puani ule wimbo wako usio na maneno. Ukiona kijiwe unanyamaza, unakitoa, unaendelea pale ulipoishia. Hatukuwahi kukurekodi. Nani angewaza?

Sasa sikiliza. Chuoni nimeunda pikipiki ya umeme na wanafunzi wangu. Kazi yangu hasa ni inveta, kile kidude kinachochukua umeme wa betri na kuukatakata maelfu ya mara kwa sekunde ili mota izunguke. Ule ukataji hutoa mluzi mwembamba. Ni jambo la kawaida, na mambo ya mizimu mimi siyaamini, unanijua nilivyo mbishi. Likizo hii nikaileta nyumbani niijaribu kwenye mchanga.

Ilikuwa mchana kweupe, jua la utosini. Naingia uani polepole, mluzi ukashuka. Ulikuwa wimbo wako, Mama. Ulikatika kidogo, kama umeona kijiwe, ukaendelea.

Mama mdogo alikuwa anapepeta, amenipa mgongo. Hakugeuka. Alisema tu, "Dada, ungo wako uko jikoni."

Kisha akageuka, akaniona mimi, mchele wote ukamwagika.

"Zima! Zima hicho kitu! Tumemzika wenyewe, leo unamleta na pikipiki?"

Nikamweleza habari za inveta. Wapi! Akasema niiondoe ile sauti, la sivyo pikipiki isikanyage tena pale. Kuiondoa ni kazi ndogo: nabadilisha namba kwenye kompyuta, ukataji unaongezeka kasi, mluzi unapanda mpaka sikio la binadamu halifiki. Lakini nilikaa nayo nikilia. Sauti yako nimeipata kwa bahati, halafu niizime kwa mkono wangu? Nimekukumbuka mno, Mama. Mwishowe nikaibadilisha, maana mama mdogo alikuwa hali chakula.

Asubuhi nikazunguka nayo ua. Kimya kabisa. Mama mdogo akashusha pumzi, akachukua ungo wake.

Ndipo yule mbwa wako mzee, ambaye toka tukuzike haondoki nyuma ya nyumba, akaja mbio na miguu yake mibovu. Mbwa husikia sauti zinazotupita sisi, hilo nalijua vizuri. Nikasimama. Akajilaza pale pale ulipokuwa unaweka kigoda chako, akainua shingo, akafumba macho, kama anavyofanya akikunwa.

Nikazima pikipiki, nikachomoa na betri. Mkia wake uliendelea kucheza.

Mama mdogo alimtazama, akanitazama mimi, kisha akaenda jikoni kuleta ungo wako.

Pumzika, Mama. Na kama hupumziki, basi kaa nasi kidogo.

Binti yako wa shule isiyoisha