Dari Haingojei Bega

8 Machi

Mpwa wangu daktari,

Pokea salamu nyingi kama misumari dukani. Hujambo? Wagonjwa wako hawajambo, kama mgonjwa anaweza kuwa hajambo? Sisi huku wazima kabisa, isipokuwa bega langu la kulia, na hilo nalo si ugonjwa, ni ukaidi tu.

Mkono unapanda mpaka usawa wa kifua, kisha unasimama kama punda aliyeona daraja. Kuchana nywele siwezi, lakini hilo si neno, nywele zenyewe zilishahama. Shati navishwa na mkazamjomba wako, na kila akinivisha anacheka. Mimi! Mimi niliyewahi kushika dari ya mahakama kwa kiganja kimoja, bodi imeng'oka, hakimu yuko chini anasoma hukumu, na sikuomba msaada mpaka akafunga jalada. Mshitakiwa aliniaga kabla ya kuwaaga ndugu zake.

Sasa sikia kinachonichefua. Tuna kazi ya dari ya ukumbi wa shule, kazi kubwa, na ndiyo inayotulisha mwaka huu. Msimamizi ameniona navaa koti kwa mkono mmoja, akasema, "Fundi, shuka. Hupandi jukwaa langu mpaka yule mpwa wako unayetutangazia kila siku aandike kwamba umepona." Pembeni kuna fundi mwingine ananyemelea nafasi yangu, mtu ambaye dari zake zinaning'inia kama tumbo la mbuzi mwenye mimba.

Kwa hiyo andika. Mistari miwili inatosha. Sahihi iwe kubwa.

Mimi mjomba wako

15 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mimi sijambo, na wagonjwa wangu wanaendelea, hasa wale wanaosikia wanachoambiwa. Mkazamjomba msalimie sana, mwambie asicheke mpaka mkono wa shati umalizike kuingia.

Kwanza, kwa mara ya mia, mimi si daktari. Natibu viungo kwa mazoezi. Pili, siwezi kuandika kwamba bega limepona wakati sijaliona. Barua haina mikono ya kulishika. Nenda zahanati wakutazame.

Kwa unavyoeleza, nadhani bega limeganda. Kiungo cha bega kimezungushiwa mfuko laini. Mfuko ukivimba unakaza na kusinyaa, na mkono unakosa nafasi ya kuzunguka. Linaanza kwa maumivu, unafuata ukakamavu, halafu linalegea polepole sana. Linaweza kuchukua mwaka na zaidi, mjomba. Halitaki kulazimishwa. Nimesikia kwa mama kwamba ulijifunga ndoo ya rangi mkononi "ulivute liachie". Tafadhali, nakuomba kwa heshima zote nilizobakiwa nazo, usirudie.

Fanya haya. Inama, acha mkono uning'inie, uuzungushe kama unakoroga uji. Kisha simama mbele ya ukuta, vidole vipande taratibu kama buibui, bega likianza kuuma sana vishushe. Weka alama ya penseli ulipofika, ili tuone kama unasogea. Na upime sukari, kwa sababu wenye kisukari bega huwaganda zaidi kuliko wengine.

Mpwa wako

2 Aprili

Mpwa wangu,

Hujambo? Sisi wazima, ukuta wetu pekee ndio mgonjwa, umechorwa alama mpaka mkazamjomba wako anauliza kama tunauuza.

Zahanati nilikwenda. Bwana mmoja wa huko alinizungusha mkono, nikatukana, akasema bega limeganda. Nikamwambia hayo ameyaiba kwa mpwa wangu. Akanichoma kidole, akasema sukari imepanda. Nikamwambia ahsante, angalau kuna kitu kwangu kinachopanda. Dawa kanipa, na nikanyang'anywa sukari ya chai. Chai isiyo na sukari ni maji yaliyopata ajali.

Sasa habari njema. Mazoezi yako nimeyafanya kuliko ulivyosema, maana mimi nikipewa kazi naimaliza. Wiki ya kwanza alama ilikuwa usawa wa kidevu. Wiki ya pili usawa wa utosi. Juzi nimeipita fremu ya mlango, na jana, usishtuke, kidole kimegusa ilipo saa ya ukutani. Wewe mwenyewe ulisema mwaka. Mimi nimetumia majuma. Waeleze hao wakubwa zako waje wajifunze.

Basi leta hiyo barua. Yule mwenye dari za mbuzi ameshaanza kunivulia kofia kama mtu anayeaga maiti.

Mjomba wako mwenye bega jipya

9 Aprili

Shikamoo mjomba.

Natumaini wote hamjambo. Mimi ningekuwa sijambo kama nisingesoma barua yako.

Ilipo saa ya ukutani? Mjomba, hiyo saa nimekua nikiiona. Mkazamjomba akitaka kubadili betri anapanda kiti, na yeye ni mrefu kuliko wewe. Huifikii hata ukiazimwa mabega ya twiga. Ulisimama juu ya nini? Niambie tu, sina nguvu ya kubahatisha. Ni ndoo? Ni ile stuli ya jikoni?

Unamdanganya nani? Ukuta haulipi mshahara. Mimi nakaa huku nahesabu alama ili nijue mkono unakwenda wapi, na wewe unanitumia alama za miguu!

Barua siandiki. Ukiwa juu ya jukwaa, bodi imeshikwa na mkono usiopanda, itamwangukia nani? Msimamizi anajua hilo, ndiyo maana anataka sahihi yangu na si yako. Mwombe kazi ya chini kwa sasa. Kupima, kukata bodi, kuwakosoa wengine. Hiyo ya mwisho utaifanya hata bila malipo.

Sukari nimefurahi umepima. Dawa usiache.

Mpwa wako anayekupenda na kuchoka

21 Mei

Mpwa wangu,

Salamu. Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa kazini, na mtu wa kazi hana muda wa kubishana na watoto wa dada yake.

Ndiyo, juu ya jukwaa. Kukata bodi chini ni kazi ya mtu asiye na jina. Msimamizi kazi ilimkaba koo, wale wa shule wanataka ukumbi wao. Nikamfuata. Akaniambia nyoosha mkono nione. Nikamgeuzia mgongo, nikanyoosha wa kushoto mpaka kwapa likapigwa na upepo. Mtu mwenye haraka ukimpa mgongo hajui kulia kwako ni wapi. Akasema, "Panda, fundi."

Na bega halikusumbuliwa hata kidogo, kwa hiyo usianze kelele. Nimegundua njia. Mafundi wengine wanainua bodi kwa mikono na kuchoka. Mimi naipandisha kwa kichwa. Naiweka utosini, nasukuma kwenda juu, nainyanyua shingo, inabana darini, mwenzangu anapiga skrubu. Kutwa nzima! Utosi wangu ni jeki. Yule wa mbuzi amekaa akitazama, mdomo wazi, vumbi linaingia.

Neno dogo tu, la kuuliza kwa niaba ya mtu. Shingo ikikaza, halafu kukawa na kitu kama umeme kutoka kisogoni hadi vidole vya mkono wa kushoto, ule mzima, hiyo si baridi tu? Ganzi inakuja na kuondoka. Vikombe viwili vimevunjika, lakini vikombe vya siku hizi vinateleza.

Mjomba wako, jeki

27 Mei

Mjomba,

Shikamoo, na shuka.

Shuka leo, kabla hujamaliza hata kuisoma barua hii. Ulikuwa na bega moja bovu na mkono mmoja mzima. Sasa unauharibu huo mzima kwa kupitia shingoni. Pingili za shingo zinabeba kichwa, hazikuumbwa zibebe dari. Ukizikandamiza hivyo, mishipa inayokwenda mkononi inabanwa. Umeme ndio huo. Ganzi ndiyo hiyo. Vikombe havitelezi mjomba, vidole ndivyo vinavyoachia!

Nimeshampigia msimamizi. Ndiyo, nimekusemea, nuna unavyotaka. Nataka uje hapa hospitalini kwetu, kuna daktari wa mifupa, upigwe picha ya shingo. Ukiona miguu inakuwa mizito, unajikwaa ovyo, au mkojo haukusikii, usinisubiri mimi, nenda hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo. Huo si mzaha.

Ulinifundisha wewe kushika bisibisi. Sitaki siku moja nikulishe kwa kijiko. Njoo.

Mpwa wako

4 Juni

Mpwa wangu,

Salamu zako zimefika. Haya naandikishwa na mjomba wako, kalamu imemkataa. (Si kalamu, ni vidole. Ameiangusha mara ngapi sijui. Mimi mkazamjomba wako ndiye ninayeandika, na nitaandika na yangu.)

Anasema anakujulisha kwamba kazi ya ukumbi ameiacha kwa hiari yake, baada ya kuwafundisha wote. (Msimamizi alimkuta anaokota skrubu moja muda mrefu, haishikiki. Akamshika kiuno akamshusha. Hakubisha, mwanangu. Hapo ndipo nilipoogopa.)

Anasema miguu iko salama na anaweza kupiga mbio mpaka kwenu. (Hiyo kweli, nimemtembeza mwenyewe. Miguu mizuri.)

Anasema asieleweke vibaya, hawezi kuja kwenu kama mgonjwa. Ila amesikia majengo ya hospitali hujengwa na watu wa zabuni, na dari zao hazina mwenyewe. Yuko tayari kuja kuikagua ya chumba chako, bure, kwa ajili ya udugu. Tiketi amenunua. (Nimenunua mimi. Viti viwili, Jumatatu.)

Anasema uandae ngazi.

(Usiandae ngazi. Andaa kitanda. Mlaze chali, umwambie aikague akiwa hapo hapo, na asiinuke mpaka amalize.)

Mjomba wako
(na mkazamjomba wako)